Tulikuwa Tujenge Hapa

Mama Mboni alikuwa na igizo lake moja la kuwachekesha wajukuu. Alisimama katikati ya sebule ya binti yake, pale Maili Moja, Kibaha, akajifunga kanga kiunoni, akainamisha kichwa kama mtu mrefu anayeogopa kugonga fremu ya mlango, kisha akasema kwa sauti ya puani:

"Wi wa goin tu bildi hia."

Halafu akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akawatazama wajukuu kwa macho ya huzuni, akarudia yale yale. Yasmin na mdogo wake wakagaragara mkekani kwa kucheka.

Aliyekuwa akiigizwa ni mzungu wa zahanati. Ukoo mzima ulimjua kwa kusimuliwa. Mwaka juzi alifika kijijini kwa Mama Mboni, huko Marui, wilayani Kisarawe, ametumwa na shirika la misaada lenye ofisi Kibaha. Kabla yake watu wa shirika hilo walikuwa wamekuja kupima ardhi na kuuliza maswali, na Mama Mboni alikuwa ameahidi kutoa eneo lake la kando ya barabara. Mzungu alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akazungumza Kiingereza, na Latifu akatafsiri. Latifu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mama Mboni, na ni Mama Mboni mwenyewe aliyemlea tangu mdogo. Latifu akawaambia watu zahanati inajengwa. Makofi yalipigwa mpaka viganja vikauma. Wiki iliyofuata Mama Mboni aliikata mikorosho yote iliyokuwa kwenye eneo lile, mikorosho iliyopandwa na marehemu mume wake, Mwinyijuma, ili kupisha ujenzi.

Tunu, binti yake, hakuwepo siku ya mkutano. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapo Kibaha, na ile ilikuwa wiki ya mitihani. Hata sasa, Jumamosi asubuhi, alikuwa mezani na rundo la madaftari ya kidato cha tatu. Alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa, na nusu ya darasa ilikuwa imeandika "He said he will come." Alikata "will", akaandika "would" juu yake, akafungua daftari jingine, akakata tena. Lilikuwa kosa alilolizoea, na hakuwalaumu. Kiswahili kinasema "alisema atakuja", na ile "ta" haijali alisema lini. Kiingereza kinajali. Kinarudi kwanza kusimama jana, kwenye siku ile mtu alipokuwa akisema, kinaitazama kesho kutokea huko, na neno linabadilika.

Ndipo sauti ya mama yake ikamwingia vizuri.

"Wi wa goin tu bildi hia."

Kalamu ikasimama.

"Mama, hebu rudia hapo."

Mama Mboni akarudia, akiongeza mbwembwe kwa kuwa sasa hata mwalimu anasikiliza.

"Ni 'wi a' au ni 'wi wa'?"

"Mimi nitajuaje? Nasema nilichosikia." Akafumba macho kukumbuka. "Wi wa. Alirudiarudia sana, ndiyo maana nimelishika."

"Na baada ya hapo alisema nini?"

"Maneno marefu, mwanangu. Anasema, anasema, anashika kifua. Latifu akayafupisha."

"Anashika kifua kwa nini?"

"Si joto hilo! Yule jua letu hakulizoea. Macho yalikuwa mekundu mpaka nikamwambia jirani yetu Maua amletee maji."

Tunu akafunga daftari lililokuwa mbele yake. Kila mwaka alisimama ubaoni kufundisha jambo hilo. "We are going to build" ni mtu anayekwenda kujenga. "We were going to build" ni mtu aliyekuwa na nia, akapanga, halafu kitu kikaingia katikati. Mtu husema hivyo anapoomba radhi.

Na Latifu alilijua hilo. Aliyemfundisha ni Tunu, likizo moja, uani kwa Mama Mboni, Latifu akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Alilipenda somo lile kuliko yote. Likizo ile nzima lilikuwa kisingizio chake: ua haujafagiwa, maji hayajachotwa, naye anamnong'oneza Tunu, "I was going to, dada," wakacheka wawili. Alifaulu Kiingereza vizuri sana.

Tunu hakumwambia mama yake chochote siku ile. Alijiambia labda sikio la mtu asiyejua lugha limeongeza kisauti ambacho hakikuwepo. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na Jumatatu baada ya vipindi akaenda ofisi ya shirika.

Aliyempokea ni dada wa makamo aitwaye Tereza, msimamizi wa miradi ya vijijini. Tunu alijitambulisha kuwa ni mwenyeji wa Marui, na uso wa Tereza ukachangamka.

"Marui tunaikumbuka sana. Kile ni kijiji cha pekee."

"Cha pekee kwa lipi?"

"Kwa moyo. Wafadhili walipojitoa, mradi ukafa. Sisi tulitaka tuwapigie simu viongozi, yamalizike. Yule mwenzetu mzungu akakataa. Akasema watu wale tumeshawaahidi, lazima aende mwenyewe awaambie wakimtazama machoni. Akaenda, akawaambia ukweli wote. Unajua walifanya nini? Walimpigia makofi. Wakamlisha pilau, wakamjazia mananasi kwenye gari. Alirudi hapa analia. Mpaka leo huko kwao akialikwa kuzungumza anasimulia hiyo habari, kwamba kuna watu aliwanyima zahanati na wao wakamshukuru."

Tunu akasogeza kiti karibu na meza.

"Alikwenda na nani?"

"Na dereva. Lakini dereva alibaki barabarani na gari, walipata pancha. Mkalimani alimpata huko huko kijijini, kijana mmoja mzuri tu."

"Na wewe hukwenda."

"Mimi nilikuwa na ratiba nyingine."

"Mlimtuma mtu asiyejua Kiswahili akawape habari ya msiba watu wasiojua Kiingereza."

Tereza akarudi nyuma kidogo kwenye kiti chake. "Alitaka kwenda mwenyewe, dada."

"Nimesikia alitaka. Mama yangu amekata mikorosho yake yote, dada Tereza. Akina mama wamefyatua matofali, wamechoma tanuru zima, yapo pale yamefunikwa nyasi. Wenzetu wa kijiji cha Kibuta walitualika tuchangie upanuzi wa zahanati yao, kijiji kikakataa kwa sababu sisi yetu inakuja. Makofi yale mliyoyapenda walikuwa wanapigia zahanati."

"Kwani hawakuambiwa?"

"Waliambiwa kwa Kiingereza."

Tereza alishika simu, akaiacha. Akasema atawaandikia wakubwa, atamwandikia na yule mwenzao. Tunu akamwambia amwandikie, na amweleze pia kuhusu mananasi, kisha akatoka kabla hajasema neno ambalo mwalimu hatakiwi kulisema.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini akaenda Kisarawe mjini. Latifu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Tangu ule mkutano wa zahanati nyota yake ilikuwa imepanda. Walimchagua kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na vijana wa stendi walimwita Mheshimiwa, nusu kwa utani na nusu kwa kweli. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa aliposikia kiti kinavutwa.

"Dada Tunu, shikamoo. Mbona bila taarifa?"

"Marahaba. 'We were going to build here.' Itafsiri."

Bisibisi ikatulia juu ya simu. Latifu hakuinua kichwa haraka. Alipokiinua, Tunu alishajua kila kitu, na sehemu ile ndogo ya moyo wake iliyokuwa bado inamtetea ikafa.

"Nani kakwambia?"

"Nimesema itafsiri."

"Dada, Kiswahili hicho kitu hakina. Unajua mwenyewe. Ukisema 'tulikuwa tunaenda kujenga', mtu anaelewa walikuwa njiani kwa miguu."

"Tulikuwa tujenge hapa," Tunu akasema. "Hicho hapo. Mtoto wa chekechea anaambiwa 'nilikuwa nikupe pipi', na analia, kwa sababu ameelewa kwamba pipi hapati. Usikisingizie Kiswahili."

Mteja mmoja akachungulia na simu yake, Latifu akampungia mkono aje baadaye.

"Alisema na 'would'," akaanza tena kwa sauti ya chini. "Nyingi. 'It would have a labour room. It would serve the villages around.' Na 'would' wewe ndiye uliyenifundisha ni ya pande mbili. Ukiwa unasimulia alichosema mtu, ni 'ta'. Ukiwa unasema kitu ambacho hakitakuwa, ni 'nge'. Itakuwa na chumba cha kujifungulia, ingekuwa na chumba cha kujifungulia. Kiingereza ni kile kile."

"Na wewe ukachagua."

"Nilichagua 'ta'."

"Ulijua ni 'nge'."

"Nilijua."

Alilisema kwa utulivu kiasi kwamba Tunu alitamani angekana. Angekana, Tunu angekuwa na kitu cha kubomoa.

"Kwa nini, Latifu?"

"Hukuwepo. Ungewaona. Walikuwa wameshavaa, wameshapika, shangazi kakaa mbele kabisa na kanga mpya. Mzungu anaanza tu, mimi nageuka niwaambie, naona nyuso zile zote zinanitazama mdomoni. Neno likakataa. Nikasema 'wanajenga'. Wakapiga makofi. Ukishapigiwa makofi, dada, unarudije nyuma? Sentensi ya pili ikabidi ifuate ya kwanza."

"Na wiki nzima iliyofuata? Makofi yalishaisha. Mama anatafuta watu wa mashine ya kukatia miti, wewe uko wapi?"

"Nilikuwepo. Nilifikiri wakipata habari kwamba tumesafisha eneo na matofali yako tayari, wataona aibu, watatafuta wafadhili wengine."

"Nani angewapa habari?"

Latifu akakusanya skrubu za ile simu.

"Uliwaandikia? Uliwapigia?"

"Hapana."

"Uliacha mikorosho ya baba yangu ikatwe ili umtie aibu mtu ambaye hujui hata namba yake. Na ulipoona inaanguka, uliwaza nini? Uliwaza kura?"

"Uchaguzi ulikuja baadaye, dada. Sikupanga hivyo."

"Lakini uliupokea."

Alisimama. Alimwambia kwamba siku ya mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, yeye Latifu atasimama mahali pale pale alipokuwa amesimama, atayasema yale maneno upya, yote, kwa Kiswahili kilicho sahihi. Latifu akaomba apewe nafasi amwambie kwanza shangazi yake taratibu, faragha, kwa wakati wake.

"Wakati wako umeshautumia," Tunu akasema. "Mama namwambia mimi leo."

Alimwambia jioni ile uani, Kibaha, Mama Mboni akichambua mchele kwenye ungo. Tunu alieleza kwa maneno machache. Alidhani mama yake atauliza maswali, atataka ushahidi, atamtetea mtoto aliyemlea. Mama Mboni aliendelea kuchambua. Alitoa changarawe moja, akaitupa. Akatoa nyingine.

"Kwa hiyo yule mtu alikuwa anatuaga," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa analia kweli. Na sisi tunampigia makofi." Akaweka ungo chini. "Na mimi miaka miwili namfanya mchezo wa watoto."

"Wewe hukujua."

"Sijasema nilijua. Nasema nilichofanya." Alisimama kwa kushika ukuta, na kwa mara ya kwanza Tunu akaona uso wa mama yake umebadilika, umekuwa mkavu, mifupa imetokeza. "Nilipoikata ile miti nilinuia. Nilisimama pale nikasema, ewe Mola, hii ni sadaka yangu na ya marehemu, wanawake wazae salama. Huyo mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema amina. Nilimsikia."

Asubuhi alisema neno moja tu la maana: arudishwe nyumbani.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi, chini ya turubai. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kondo, alikuwa ameshadokezwa na Tunu, akaliweka jambo lile mwanzo kabisa. Watu walijua kuna kitu, maana Mama Mboni hakukaa mbele na wanawake wenzake kama kawaida yake. Alisimama pembeni, amekunja mikono kifuani.

Latifu alikuja amevaa shati jeupe. Tunu alipoliona shati lile hasira ilimpanda upya. Ilikuwa kama mtu anakwenda kupokea cheti. Lakini sauti ilipotoka haikuwa ya Mheshimiwa.

"Siku ile mgeni aliyoyasema siyo niliyowaambia," akaanza. "Leo nayasema yenyewe." Akatazama chini. Maneno ya mgeni yalikuwepo yote kichwani, neno kwa neno, na Tunu akashangaa kwa uchungu jinsi alivyokuwa ameyahifadhi. Alisema kwanza kwa Kiingereza, kisha akageuza. "Alisema: tulikuwa tujenge zahanati hapa. Hatutajenga. Fedha zimekatwa. Alisema: ingekuwa na chumba cha kujifungulia, ingehudumia vijiji vya jirani. Alisema: nilitaka nije mwenyewe niwaombe msamaha. Alisema: tafadhali, eneo lenu litumieni kwa mambo yenu, msitusubiri."

Hapo mwisho paliwauma kuliko pote. Tunu alikuwa hajayasikia hayo, hata Tereza hakumwambia. Msitusubiri.

Kisha Maua akasimama. Alikuwa jirani wa Mama Mboni, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito.

"Mimi nilibeba maji ya kufyatulia yale matofali nikiwa na mimba," akasema. "Nikikuona unapita, nakuuliza, Latifu, lini? Unasema, wanakuja, dada Maua, vumilia. Mimba ikakua, nikajifungulia njiani, juu ya kanga za watu, bodaboda imezimika. Mtoto yupo, namshukuru Mungu. Lakini nakuuliza leo tena. Ulipokuwa unaniambia nivumilie, nilikuwa navumilia nini?"

"Nisamehe, dada Maua."

"Sijauliza hilo."

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Wengine walitaka afikishwe polisi, wengine wakauliza polisi watamshitaki kwa kosa gani, la kutafsiri? Mzee mmoja wa mstari wa nyuma akasimama akamnyooshea Tunu kidole. Akasema huyu mwalimu naye, angetuacha tu. Tulikuwa tunaishi na tumaini letu, halimdhuru mtu, sasa amekuja kutoka mjini kutuvunja moyo kwa sarufi.

Tunu alikuwa ameahidi moyoni kwamba hatasema kitu. Alisimama.

"Babu, shikamoo. Tumaini hilo limewafanya mkatae kwenda Kibuta. Yeyote aliyemwona Maua njiani ajitokeze aniambie halikumdhuru mtu. Mimi sikuvunja moyo wa mtu. Mlidanganywa na mtoto wenu, kwa lugha yenu, mbele ya macho yenu, na yule mgeni akaondoka akidhani ninyi ni malaika. Ninyi siyo malaika. Mlikuwa na haki ya kukasirika siku ile ile. Mngekasirika, mngeuliza, mngeomba hata nauli ya kwenda wilayani. Alichowanyang'anya Latifu ni hasira yenu. Nimewarudishia."

Aliketi. Mzee yule hakukubali. Alibaki anatikisa kichwa mpaka mwisho.

Mkutano ulimvua Latifu ujumbe wa serikali ya kijiji kwa mikono iliyonyooshwa karibu yote. Kuhusu matofali walibishana sana. Mwishowe wakakubaliana Mzee Kondo aende Kibuta akaombe radhi kwa lile jibu walilolitoa zamani, na aseme matofali yapo, wakiyataka yapelekwe kule kwenye upanuzi. Haikuwa zahanati ya Marui. Ilikuwa ya Kibuta, mbali kwa mwenye uchungu wa kuzaa, lakini ilikuwepo.

Kibuta waliyakubali, baada ya kuwasema vya kutosha. Shirika nalo lilimleta Tereza siku moja, na safari hii alizungumza Kiswahili tangu salamu hadi mwisho. Aliomba radhi. Mzee Kondo alimjibu kwamba wamesikia, na hakuna aliyepiga makofi. Hawakupika.

Likizo ilipofika Tunu alikwenda kwa mama yake na watoto. Eneo la kando ya barabara lilikuwa limekaa tupu tangu visiki vilipong'olewa, limeota magugu. Mama Mboni alikuwa ameuliza kwa watu wa dini kuhusu sadaka yake, akaambiwa nia yake imefika, na ardhi ni yake. Akaamua kupanda mikorosho upya. Katikati ataweka muhogo, wa kula akisubiri mikorosho izae.

Walipofika shambani na miche, walikuta mashimo yameshachimbwa. Yalikuwa mazuri, yamenyooka kwa kamba, udongo wa juu umewekwa upande wake. Latifu alikuwa upande wa pili wa shamba, kavua shati, jembe mkononi. Alikuwa ameanza alfajiri, peke yake.

Mama Mboni aliyatazama mashimo. Akaenda kwenye la kwanza, akalifukia kwa mguu wake, akilisukumia udongo taratibu mpaka likajaa, akalikanyaga. Kisha akasogea pembeni kidogo, akachukua jembe kwa Tunu, akaanza kuchimba lake.

Latifu alisimama akiangalia. Tunu alimtazama pia, akangoja huruma ije. Haikuja. Kilichokuja ni picha ya kijana yule akisema amina nyuma ya mama yake, na akashika jembe la pili, akafukia shimo lililofuata.

Walifanya hivyo mstari mzima. Jua lilikuwa limeshakuwa kali Latifu alipowasogelea.

"Shikamoo, shangazi."

Mama Mboni akaendelea kuchimba.

"Shangazi, shikamoo."

Yasmin, aliyekuwa ameshika mche, akamtazama bibi yake, hajawahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu ianguke chini.

Latifu akajaribu tena, safari hii kwa salamu nyingine. "Asalaam alaykum."

Jembe la Mama Mboni likasimama. Hiyo ni salamu ambayo Mwislamu haiachi hewani hata kwa asiyemtaka, naye alijua, na Latifu alijua kwamba anajua. Hakugeuka. Alijibu akiwa amempa mgongo, akiangalia shimo lake.

"Wa alaykumu salaam."

Akamnyooshea mkono mjukuu wake, akachukua mche, akaushusha shimoni, akapiga magoti kuukandamizia udongo. Latifu alingoja kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Akachukua shati lake kwenye nyasi akaondoka kwa njia ya barabarani, na Tunu hakumwita.